Mwezi Unaopita Juu ya Paa Lako

Jioni moja tulikuwa juu ya paa la zege, tumetandika mkeka, mimi na mtoto wa kaka yangu mwenye miaka minane. Alikuwa na kitabu chake cha hadithi. Akatazama magharibi, akatazama kitabu, akatazama tena magharibi. “Ba’mdogo,” akaniuliza, “mbona mwezi wa kitabuni umesimama na wetu umelala?”

Alikuwa ameona sawasawa. Mwezi wa kitabuni ulisimama wima kama herufi C iliyogeuzwa. Wetu, siku ya nne tangu uandame, ulikuwa umelala chali juu ya mapaa ya Magomeni, ncha zote mbili zikitazama juu, kama dau lililotia nanga. Mchoraji hakukosea, alichora mwezi wa kwao. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, na huku jua na mwezi hushuka magharibi karibu wima, mmoja akimfuata mwenzake. Jua likishazama huwa chini ya mwezi, kwa hiyo upande unaopata mwanga ni ule wa chini. London jua hushuka kimshazari na kuishia pembeni, ndiyo maana mwezi mchanga wa huko mara nyingi husimama. Hata dau letu huinama kidogo, mara kushoto, mara kulia, kadiri mwaka unavyosonga, lakini halisimami kama la kitabuni.

Swali la yule mtoto ndilo lililonifanya niandike ushauri huu. Maelezo mengi ya kutazama na kupiga picha mwezi yameandikwa na watu wanaoishi chini ya mbingu nyingine. Yanafaa, ila yanamwacha mtu wa Tanga au Mombasa akitafuta kitu mahali ambapo hakipo. Mwezi wa kwetu una tabia zake, na ukizijua hizo kwanza, picha itakuja yenyewe, hata kwa simu.

Usinunue kitu chochote kwa mwezi mmoja wa mwanzo. Tafuta kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, ile ambayo nyumba nyingi za pwani zinayo tayari. Kwa mtazamaji, hiyo ni hazina, kwa kuwa tarehe yake ndiyo umri wa mwezi, ukiacha tofauti ya siku moja hivi. Tarehe 3 hadi 5, mwezi uko magharibi jua linapozama. Tarehe 7 au 8 ni nusu mwezi, na wakati wa magharibi huwa karibu na utosi wako. Tarehe 14 na 15 unachomoza mashariki jua likizama. Tarehe 22 hivi nusu nyingine inachomoza kama saa 6 usiku, na asubuhi watu wanaokwenda kazini wanaweza kuiona ikiwa juu mchana kweupe kama wakiinua macho. Kila siku mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50, na mzunguko mzima kutoka mwandamo hadi mwandamo huchukua siku 29 na nusu.

Chagua mahali pamoja, kibarazani au juu ya paa, na uende kila siku kwa saa ile ile. Angalia mwezi uko juu ya nini: minara ya simu, mnazi wa jirani, kuba ya msikiti. Chora kwa penseli. Michoro kumi ya mkono itakufundisha zaidi ya picha mia, kwa sababu mkono hauwezi kuchora kitu ambacho jicho halijakitazama vizuri. Galileo Galilei mwaka 1609 hakuwa na kamera; alichora, na kwa vivuli alivyovichora akatambua kwamba mwezini kuna milima.

Wengi wetu huutafuta mwezi kwa bidii mara moja au mbili tu kwa mwaka, jioni ya tarehe 29, kungojea Ramadhani au Idi. Kwa kazi hiyo, tafuta mahali palipo wazi upande wa magharibi, kwa mfano ukingo wa Forodhani kule Unguja, au ghorofa ndefu kama uko Dar. Weka alama mahali jua lilipozamia, kisha tazama juu ya alama hiyo, ukisogea kidogo kaskazini na kusini yake. Subiri dakika kama 15 mwanga upungue. Hilali ya kwanza ni nyembamba kama unywele, na mara nyingi huonekana kwa dakika chache tu kabla ya kuzama. Mwezi wenye umri chini ya saa 15 hivi tangu ukutane na jua ni nadra sana kuonekana kwa macho matupu, kwa hiyo usimlaumu aliyetazama mbingu safi akasema hakuona. Darubini ya mkono inasaidia sana, lakini shika hili kwa nguvu zote: usiielekeze darubini magharibi mpaka jua liwe limezama lote. Jua kupitia darubini hupofusha kwa muda mfupi mno, na jicho halina uponyaji wa jeraha hilo.

Siku mbili tatu baadaye kuna zawadi ambayo watu wengi hupita chini yake bila kuiona. Ndani ya dau lile utaona mwezi mzima, wa kijivu hafifu, kama mzigo uliopakiwa. Huo ni mwanga wa dunia yetu. Mwanga wa jua unagonga bahari na mawingu ya huku, unakwenda mwezini, unarudi tena machoni petu. Leonardo da Vinci alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 16.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote. Lugha yetu inausifu mwezi wa kumi na nne. Uso mzuri hulinganishwa nao. Kwa uzuri, sawa. Lakini kwa mtu anayetaka kuiona ardhi ya mwezi, usiku huo ndio mbaya kuliko yote. Fikiria ufuko wenye nyayo za watu. Saa 6 mchana jua likiwa utosini, mchanga unaonekana bapa, nyayo huzioni. Rudi saa 11 jioni, jua likiwa limelala, na kila unyayo una kivuli chake, unahesabu hata vidole. Mwezi mpevu ni ule mchanga wa saa 6. Nusu mwezi ni mchanga wa jioni. Pale unapopita mpaka wa mchana na usiku wa mwezini, jua linaipiga ardhi kwa ubavu, na mashimo na milima vinajitokeza kwa vivuli virefu. Mpaka huo husogea, kwa hiyo tarehe 6, 7, 8, 9 na 10 kila usiku una ukurasa wake.

Kwa darubini ndogo, usiku wa tarehe 8 tafuta karibu na katikati ya mpaka huo, na utaona mashimo matatu makubwa yaliyopangana: Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel. Arzachel ni jina la Kilatini la al-Zarqali, mwanafalaki wa Toledo wa karne ya 11. Upana wake ni kama kilomita 97, karibu safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, na shimo lenyewe unaliona dogo kama tone. Jirani yake yuko Albategnius, yaani al-Battani, aliyefariki mwaka 929, na si mbali kuna Abulfeda, yule Abu al-Fida wa Sham. Nimewaonyesha vijana wengi majina haya, na kila mara naona uso ukibadilika. Wanagundua kwamba mwezi ule una majina wanayoyafahamu kutoka chuoni.

Mwezi mpevu nao una kazi yake, nisiunyime haki. Ndio usiku wa kuona mistari myeupe inayotoka kwenye shimo la Tycho, upande wa kusini wa mwezi, ikisambaa mamia ya kilomita kama nazi iliyopasuliwa kwa jiwe. Na ndio usiku wa kuona vizuri yale mabaka meusi, ambayo wazee wa sayansi waliyaita bahari ingawa ni tambarare za lava iliyoganda. Katika mojawapo, Bahari ya Utulivu, ndiko watu wa Apollo 11 walikotua tarehe 20 Julai 1969. Unaiona kwa macho matupu kutoka kibarazani kwako.

Ukitumia ramani ya mwezi, kumbuka kwamba nyingi huweka kaskazini juu. Kwetu mwezi unapochomoza, kaskazini yake iko kushoto kwako. Unapozama, iko kulia. Geuza ramani, usigeuze shingo. Na kwa kuwa mwezi wetu hupita juu kabisa ya kichwa, lala chali kwenye mkeka au kitanda cha kamba. Kusimama ukiangalia utosini kwa nusu saa ni mateso, na mikono iliyochoka hutikisa darubini.

Mtu wa mjini asikate tamaa. Nyota ndizo zinazouawa na taa za barabarani, mwezi haujali. Kinachouharibu ni hewa. Mabati na zege hutwaa joto mchana kutwa, na jioni huliachia, hewa ikatetemeka kama juu ya jiko la mkaa. Nusu mwezi uutazame kama saa 3 usiku, ukiwa umeteremka hadi katikati ya anga la magharibi na mapaa yamepoa, na ikiwezekana kaa mahali penye nyasi au maji mbele yako badala ya bati. Kwa pwani, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ninayoipenda: masika yamekwisha, joto limepungua. Wakati wa kaskazi hewa huwa nzito na mwezi hukaa ndani ya utando. Wenzetu wa Dodoma na Singida, wenye hewa kavu karibu nusu ya mwaka, wana mbingu ambayo sisi wa pwani tunaitamani.

Tuje kwenye picha. Karibu kila mtu amewahi kujaribu, akapata doa jeupe lisilo na kitu ndani. Sababu ni moja. Kamera inaona giza kubwa na kitone kidogo cha mwanga, inadhani ni usiku, inafungua jicho lake mpaka mwisho. Lakini mwezi haupo usiku. Mwezi ni jiwe lililowekwa kwenye jua kali la mchana, tena jiwe jeusi. Hurudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, karibu sawa na lami kuukuu. Piga picha kama unayepiga barabara ya lami saa 6 mchana na hutakosea sana.

Kwa simu, futa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana alama ya kidole huzaa ukungu kuzunguka mwezi. Zima hali ya usiku na mwako. Egemeza simu ukutani au juu ya mfuko wa maharage. Vuta mwezi uwe karibu kiasi, usifike mwisho wa uwezo wa simu. Gusa mwezi kwenye kioo, shikilia kidole mpaka simu ifunge shabaha, kisha teremsha mwanga taratibu. Doa jeupe litaanza kuonyesha mabaka. Ukiyaona, simama hapo. Weka taima ya sekunde 2 au 3 ili kubonyeza kusiitikise simu. Kama simu yako ina sehemu ya kupanga mwenyewe, anza na ISO 100 na kasi ya 1/200, uone.

Kuna simu mpya zinazoutambua mwezi na kuongeza maelezo ambayo lenzi haikuyaona. Picha inapendeza, lakini si yako. Mimi napendelea mwezi wenye ukungu kidogo niliouona kwa jicho langu kuliko mwezi mkali ulioandaliwa na programu. Ukitaka kujua simu yako inafanya nini, piga kwa sehemu ya kupanga mwenyewe halafu ulinganishe.

Njia bora ya kati, na ya bei nafuu, ni kuunganisha simu na darubini ya mkono. Zile zilizoandikwa 10x50 au 8x42 zinatosha. Ifunge darubini juu ya stendi au iweke juu ya mfuko wa mchele ukutani, kisha usogeze kamera ya simu kwenye tundu la kutazamia mpaka duara la mwanga lijae. Fanya mazoezi mchana kwa kuangalia nguzo ya umeme, kwa sababu usiku wa kwanza utapoteza muda mwingi kutafuta mahali pa kuiweka simu. Kipande cha boksi gumu kilichokunjwa kuwa bomba na kufungwa kwa gundi ya karatasi huishika simu vizuri kuliko mkono.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha ana kanuni ya zamani ya kumsaidia. Kwa mwezi mpevu, weka tundu la lenzi kwenye f/11, na kasi iwe sawa na ISO: ISO 100, kasi 1/100, ISO 200, kasi 1/200. Nusu mwezi, nenda f/5.6 bila kubadilisha mengine. Watu hushangaa kwamba nusu haitoi nusu ya mwanga. Kwa kweli inatoa kama sehemu moja ya kumi tu, maana vivuli vingi vimeifunika. Kwa ule mwezi wa kijivu ndani ya dau utahitaji sekunde 1 au 2 kwa ISO 800, na ukingo mwangavu utaungua. Huwezi kuvipata vyote viwili katika picha moja. Kuhusu urefu wa lenzi, gawanya milimita zake kwa 110 na utapata upana wa mwezi ndani ya kamera. Lenzi ya milimita 200 inakupa mwezi usiofika milimita 2. Ya 600 inakaribia 5 na nusu. Hiyo ndiyo sababu mwezi huwa mdogo kwenye picha kuliko ulivyouona.

Namba hiyo ya 110 ina siri nyingine nzuri zaidi. Mwezi ukiwa karibu na upeo unaonekana mkubwa ajabu, lakini ni jicho linalotudanganya. Nyosha mkono na punje moja ya kunde itaufunika mwezi wote, uwe chini au uwe juu. Ukitaka mwezi mkubwa nyuma ya kitu, usiusubiri ukue. Wewe ndiye urudi nyuma. Kitu chochote kikiwa mbali nawe mara 110 ya urefu wake, kinalingana na mwezi. Mtu mzima, simama mita 190 kutoka alipo. Jahazi lenye mlingoti wa mita 10, kaa kilomita moja na zaidi kidogo. Mbuyu wa mita 15 unataka uwe mbali kama kilomita 1.6. Kisha tumia lenzi ndefu uliyonayo.

Siku bora ya picha ya namna hiyo ni tarehe 14, mwezi unapochomoza muda mfupi kabla ya jua kuzama, kwa sababu anga bado lina rangi na ufuko bado unaonekana. Machweo yetu ni mafupi. Ukichelewa nusu saa, mwezi umebaki na mwangaza wake na kila kitu kingine kimezama gizani. Nao hupanda haraka. Karibu na Ikweta duara zima hutoka baharini kwa dakika 2 na sekunde chache. Fika nusu saa kabla, funga stendi, jua mahali utakapotokea. Programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta, hukuonyesha saa na upande kwa mji wowote.

Kwa mashariki iliyo wazi, Dar tuna Coco Beach na fukwe za Kigamboni, Unguja kuna Paje na Jambiani, Mombasa kuna Nyali. Waulize wavuvi kuhusu maji. Mwezi mpevu huja na bamvua, na pwani yetu siku hizo maji hujaa alasiri karibu saa 10 na kupwa karibu saa 4 usiku, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi unapotoka, maji yako njiani kurudi, na mchanga ulioachwa mbichi huushika mwanga kama kioo. Ni picha nzuri kuliko ya bahari yenyewe. Ila usijisahau kwenye fungu la mchanga hadi alfajiri, maji yakakuzunguka.

Usiende peke yako. Kamera juu ya stendi usiku ufukweni inaonekana kutoka mbali, na anayeiangalia kupitia tundu haoni nyuma yake. Chukua mwenzako, acha mmoja atazame watu. Usielekeze lenzi ndefu kwenye kambi, bandari au majengo ya serikali, hata kama mwezi umekaa vizuri juu yake. Hakuna picha inayostahili maelezo marefu kituoni.

Na tunza vyombo. Niliwahi kununua lenzi iliyotumika, nzuri, nikaifungia ndani ya begi kabatini msimu mzima wa masika. Nilipoitoa ilikuwa na kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na fundi alisema haitatoka yote. Tangu hapo sifungii kitu cha kioo bila vile vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nimevikusanya kwa majirani wote. Ukitoka ufukweni, futa chumvi usiku ule ule.

Baada ya hayo, iko tarehe ya kuandika kwenye kalenda. Tarehe 7 Septemba 2025 Afrika Mashariki yote iliuona mwezi ukipatwa mzima kuanzia saa 2:30 usiku, ukawa mwekundu kama shaba kwa dakika 82. Wengi walipata habari siku ya pili. Jumapili ya tarehe 31 Desemba 2028, mkesha wa mwaka mpya, utapatwa tena, na safari hii utachomoza kutoka Bahari ya Hindi ukiwa tayari umeshaanza kuliwa. Giza litaufunika wote kuanzia saa 1:16 usiku hadi saa 2:28. Huhitaji miwani wala darubini. Kupatwa kwa mwezi hakudhuru jicho. Tandika mkeka mahali panapotazama mashariki, kabla ya jua kuzama, na uwachukue watoto.